Picha ya Familia na Kipimo cha Karatasi: Nani Anakatwa Pembeni?

  

Juma hili tunajibu swali la dada mmoja wa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Anaeleza kuwa baada ya nikaha ya kaka yake, wazee walikubaliana kwamba picha zisafishwe nyumbani, zisipelekwe studio, kwa kuwa nyingi zilipigwa upande wa wanawake, ambako akina mama na mabinti walikuwa wamejipamba na kuvua mitandio. Ikanunuliwa printa ya wino na paketi ya karatasi za picha za inchi 4 kwa 6. Picha ya kwanza ilipotoka, bibi mzaa mama, aliyekuwa ameketi mwisho wa mstari, alionekana bega moja tu. Picha ya pili ilitoka na pembe zote mbili salama, lakini watoto walioketi mkekani mbele hawakuwa na miguu, na shangazi aliyesimama nyuma hakuwa na utosi. Katika simu, picha zote mbili ni kamili. Dada anauliza: je, printa ni mbovu, au lipo jambo ambalo hatulijui?

Kabla ya jibu, neno moja la tahadhari. Wanazuoni wetu wametofautiana kuhusu picha za kamera. Wapo wanaozizuia isipokuwa kwa dharura, kama vitambulisho na pasi za kusafiria, na wapo wanaozikubali kwa masharti ya stara na kutozitukuza. Safu hii haikai katika kiti cha mufti. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake, na anayejiepusha nazo aheshimiwe. Maelezo yanayofuata ni kwa familia ambazo tayari huhifadhi picha za kumbukumbu katika albamu zao na zinataka kufanya hivyo kwa adabu na uangalifu.

Sasa jibu. Printa si mbovu. Picha ina umbo lake na karatasi ina umbo lake, na maumbo hayo mawili hayakulingana. Mashine ilipoambiwa ijaze karatasi yote, ilitii: ilikuza picha mpaka karatasi ikajaa, na kilichozidi ikakitupa nje. Mashine haimjui bibi wala shangazi. Inajua kingo tu.

Watu wa Kibaigwa hawahitaji mfano wa mbali. Soko lao la nafaka linajulikana nchi nzima, na kila anayepita barabara kuu ya Dodoma na Morogoro huona magari ya mizigo yakipakia mahindi. Hapo neno lumbesa linafahamika vizuri: mahindi yanajazwa kupita mdomo wa gunia, kisha juu yake hushonewa nyongeza ili kilichozidi kisimwagike. Karatasi haina lumbesa. Hakuna anayeweza kuishonea nyongeza. Picha ikizidi mdomo wa karatasi, ama utapunguza picha, ama utatafuta karatasi ya umbo jingine, ama utaichapa ndogo na kuacha nafasi nyeupe pembeni. Njia ya nne ipo, nayo ni kuivuta picha upande mmoja mpaka ilingane, lakini hiyo tutaieleza baadaye, na hatuipendekezi kwa mtu yeyote.

Ili kujua mapema nani atakatwa, hesabu moja tu inatosha. Chukua upande mrefu, ugawe kwa upande mfupi. Namba utakayoipata ndiyo uwiano wa pande. Fanya hivyo kwa picha, kisha kwa karatasi, halafu ulinganishe.

Tuanze na picha. Simu nyingi hupiga picha za uwiano wa 4 kwa 3, yaani 1.33. Ukichagua picha pana ya kujaza kioo, nyingi huwa za 16 kwa 9, yaani 1.78, na katika simu za siku hizi zenye vioo virefu namba hiyo hupanda zaidi. Kamera kubwa za wapiga picha wa harusi kwa kawaida hutoa 3 kwa 2, yaani 1.5. Picha ya mraba ni 1. Kama hujui picha yako ni ya aina gani, ifungue katika simu na utazame maelezo yake. Utaona namba mbili za pikseli, kwa mfano 4000 kwa 3000. Gawa ya kwanza kwa ya pili.

Sasa karatasi. Ya inchi 4 kwa 6, ambayo ndiyo ya kawaida katika albamu zetu, ni 1.5. Ya inchi 5 kwa 7 ni 1.4. Ya inchi 6 kwa 8 ni 1.33. Ya inchi 8 kwa 10, inayopendwa kwa fremu za ukutani, ni 1.25. Karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, ni 1.41.

Kanuni yenyewe ni hii. Namba ya picha ikiwa kubwa kuliko ya karatasi, picha ni ndefu mno, na ikijazwa itakatwa kwenye ncha za urefu wake. Namba ya picha ikiwa ndogo kuliko ya karatasi, picha ni nene mno, na itakatwa kwenye upana wake. Kwa picha ya kulala, ncha za urefu ni kushoto na kulia, na upana ni juu na chini. Kwa picha ya kusimama mambo hugeuka: ile ndefu mno hukatwa juu na chini, na ile nene mno hukatwa kushoto na kulia.

Kwa kanuni hiyo, masaibu ya picha zote mbili za dada yetu yanaeleweka. Ile iliyomkata bibi ilipigwa kwa uwiano wa 16 kwa 9. Ili ijaze karatasi ya inchi 4 kwa 6, ilihitaji urefu wa inchi 7.1. Karatasi ina 6 tu. Inchi moja na zaidi kidogo ilipotea, nusu kila upande. Huenda nusu inchi ikaonekana ndogo, lakini hesabu watu: kama wanawake kumi na wawili wameketi mstari mmoja na kuijaza picha kutoka ukingo hadi ukingo, kila ncha inapoteza karibu mtu mmoja mzima. Na ni nani huketi nchani? Mara nyingi ni mzee aliyechelewa kuletewa kiti, au mgeni aliyeona haya kusogea katikati, au mtoto aliyekimbilia mstarini wakati wa mwisho.

Picha ya pili ilikuwa ya 4 kwa 3. Kwa urefu wa inchi 6 ilihitaji upana wa inchi 4.5, na karatasi ina 4. Robo inchi ilikwenda juu pamoja na utosi wa shangazi, na robo inchi ikaenda chini pamoja na miguu ya watoto. Kwa hesabu nyingine, sehemu moja kati ya tisa ya picha ilitupwa.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini watengenezaji hawakukubaliana umbo moja, picha na karatasi zikalingana? Sababu ni kwamba kila umbo lilizaliwa mahali pake na kwa haja yake. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 inalingana na ile filamu ya kamera iliyotumiwa na wazazi wetu. Mjerumani Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz, alichukua filamu ya sinema ya milimita 35 akaifanyia kamera ndogo ya mkononi, na kamera hiyo, Leica, ikaingia sokoni mwaka 1925. Kila picha katika filamu hiyo ilikuwa milimita 36 kwa 24. Gawa, utapata 1.5. Ndiyo maana picha za zamani za filamu hiyo ziliingia katika karatasi ya inchi 4 kwa 6 bila mtu kukatwa.

A4 ina asili nyingine kabisa. Mwaka 1786 mwanazuoni wa Kijerumani, Georg Christoph Lichtenberg, aliandika barua akieleza sifa ya karatasi ambayo ukiikunja katikati, nusu yake hubaki na umbo lilelile la karatasi nzima. Mwaka 1922 Walter Porstmann akaiweka sifa hiyo katika kanuni rasmi ya vipimo nchini Ujerumani, na hatimaye nchi nyingi duniani zikaifuata. Kwa hiyo ukikata A4 katikati unapata A5, na ukikata A5 unapata A6, na zote zina uwiano mmoja wa 1.41. Ni hekima kubwa kwa barua na vitabu, lakini aliyeitunga hakuwa akifikiria picha.

Simu nazo zilirithi 4 kwa 3 kutoka vioo vya zamani vya televisheni na kompyuta, na 16 kwa 9 kutoka televisheni pana za sasa. Karatasi ya albamu, basi, imeumbwa kwa filamu, A4 imeumbwa kwa ofisi, na picha ya simu imeumbwa kwa kioo. Tusishangae zinapogombana zikikutana katika printa moja sebuleni.

Hapo zamani ugomvi huo haukufika nyumbani, kwa sababu alikuwepo mtu wa kuusuluhisha. Katika studio za mwambao, mfano wa Capital Art Studio ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na katika studio ndogo za miji ya bara pia, mpiga picha aliingia katika chumba cha giza, akatazama filamu, akaamua mwenyewe nini kibaki ndani ya karatasi na nini kiachwe. Kazi hiyo ilikuwa ujuzi wake, na wateja hawakuijua. Sasa familia ikiamua kusafisha picha zake nyumbani, kazi ya yule bwana wa studio imehamia kwao. Asiyeifanya kwa makusudi, mashine itamfanyia bila kujua.

Na uamuzi wa kuhamia nyumbani, kwa familia nyingi za Kiislamu, una sababu nzito kuliko gharama. Picha za wanawake wasiojisitiri, zilizopigwa kati ya wanawake kwa wanawake, ni amana. Zikipelekwa kwa mtu wa nje, zinapita katika simu yake na kompyuta yake, na hakuna ajuaye zinabaki humo muda gani na nani mwingine anazifungua. Aliyechagua kuzichapa nyumbani amechagua stara, na amefanya vyema. Ila asije akarudi nyuma na kumpelekea mtu baki picha zilezile kwa sababu tu karatasi zake zilikuwa zikiwakata watu. Elimu hii ndogo ya vipimo ni sehemu ya kuilinda amana hiyo.

Basi tufanye nini? Kazi huanza kabla ya kubonyeza kamera. Weka simu yako katika uwiano wa 4 kwa 3. Wengine hudhani picha ya kujaza kioo inachukua watu wengi zaidi kwa sababu inaonekana pana. Katika simu nyingi ni kinyume chake: kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga kina umbo la 4 kwa 3, na picha pana hupatikana kwa kukata juu na chini ya picha hiyo. Ukipiga 4 kwa 3 unabaki na kila kitu, na utakata baadaye kwa hiari yako.

Pili, acha nafasi. Mpiga picha arudi nyuma hatua mbili, ili juu ya vichwa pabaki ukuta au mti, chini ya miguu pabaki mkeka, na kila upande pabaki upana wa bega la mtu mmoja. Nafasi hiyo tupu ndiyo sadaka utakayoitoa kwa karatasi. Mwenye kuijaza picha kwa nyuso mpaka ukingoni hana cha kutoa ila nyuso zenyewe.

Tatu, ukishapiga, kata wewe kabla mashine haijakata. Tengeneza nakala ya picha, na ile ya asili usiiguse. Fungua nakala katika programu ya kuhariri iliyokuja na simu yako. Katika sehemu ya kukata kingo, nyingi zina orodha ya uwiano: 1 kwa 1, 4 kwa 3, 3 kwa 2, 16 kwa 9. Kama karatasi yako ni ya inchi 4 kwa 6, chagua 3 kwa 2. Litatokea dirisha juu ya picha, nawe utalisogeza kwa kidole. Hapo ndipo unapoamua. Katika picha ya pili ya dada yetu, anaweza kulisogeza dirisha juu kidogo ili shangazi abaki na utosi wake, akakubali kupoteza mkeka. Au akaona miguu ya watoto ni sehemu ya furaha ya siku ile, akachagua njia nyingine. Uamuzi ni wa familia, maana ndio wanaowajua waliomo.

Njia hiyo nyingine ni kuacha nafasi nyeupe. Katika dirisha la kuchapa, printa nyingi hutoa maneno mawili ya kuchagua. "Fill" maana yake jaza karatasi, nacho kinachozidi kikatwe. "Fit" maana yake ingiza picha yote, na karatasi inayobaki iwe nyeupe. Picha ya 4 kwa 3 ikiingizwa yote katika karatasi ya inchi 4 kwa 6 huacha ukanda mweupe wa theluthi moja ya inchi kila ncha. Ile ya 16 kwa 9 huacha ukanda unaokaribia huo juu na chini. Mkasi unaumaliza weupe huo kwa dakika moja. Kwa picha ambayo mzee ameketi ukingoni kabisa na hakuna nafasi ya kukata, hii ndiyo njia pekee ya haki.

Nne, chagua karatasi inayoelekeana na picha. Kwa picha za simu za 4 kwa 3, karatasi ya inchi 6 kwa 8 inalingana kabisa, lakini si kila duka la vifaa vya ofisi lina karatasi hiyo. Inayofuata kwa ukaribu ni inchi 5 kwa 7, ambayo hukata robo inchi tu kwa jumla, sawa na sehemu moja kati ya ishirini na moja ya picha. A4 nayo haiko mbali: ikijazwa, hukata kiasi cha milimita 13 tu kati ya 223. Karatasi ya inchi 8 kwa 10, kinyume chake, huikata picha ya simu kwenye ncha za urefu, na huitendea vibaya zaidi picha ya kamera kubwa ya 3 kwa 2, maana huchukua sehemu moja kati ya sita. Kwa hiyo anayetaka kununua fremu ya harusi apime kwanza kioo cha fremu kwa rula, kisha aamue picha gani itaingia humo. Wengi hununua fremu kwanza, na ndipo hujikuta wanachagua ni ndugu yupi atolewe.

Ipo faida nyingine ya kujua vipimo, nayo ni kuokoa karatasi. Wengi hununua karatasi ya picha ya A4 wakidhani itatoa picha nne za inchi 4 kwa 6. Haitoshi. Picha mbili za kusimama zikipangwa moja juu ya nyingine zinahitaji milimita 305, na A4 ina 297. Zitaingia tatu: mbili zikisimama pamoja, na moja ikilala chini yake. Lakini picha za inchi 5 kwa 7 zinaingia mbili kwa raha. Na ukitaka nne zilizo sawa, zipunguze ziwe za A6, yaani milimita 105 kwa 148, kwa kuwa A4 hugawanyika mara nne bila kubaki kitu, kasoro ile pambizo ndogo ambayo printa huiacha yenyewe.

Tano, hakikisha printa inajua umeweka karatasi gani. Katika sehemu iliyoandikwa "Paper Size", printa nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa "Letter", ambayo ni karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4. Printa ikidhani ina karatasi pana na fupi, itapanga picha kwa karatasi ambayo haipo. Badilisha hapo mara moja. Vilevile, ukichagua kuchapa bila pambizo, neno lake likiwa "Borderless", printa hukuza picha kidogo kupita ukingo wa karatasi ili pasibaki mstari mweupe, na hivyo milimita chache hupotea kila upande hata kama uwiano umelingana. Nafasi tuliyosema iachwe wakati wa kupiga itakufaa hapa pia.

Kabla ya kutumia karatasi ya picha, chapa mara moja kwenye karatasi ya kawaida kwa wino hafifu. Utaona kingo zote bila kupoteza karatasi ya thamani. Majaribio hayo yakiwa na sura za wanawake, yachanwe au yachomwe, yasitupwe jalalani yakaokotwa na wapita njia.

Jambo la sita ni wingi wa pikseli. Picha inaweza kulingana na karatasi kwa umbo, ikatoka na ukungu kwa sababu haina pikseli za kutosha. Kipimo cha kawaida cha uchapaji mzuri ni pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6 hiyo ni 1200 kwa 1800, na kwa A4 ni 2480 kwa 3508. Simu za leo hutoa zaidi ya hapo, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Aliyepiga picha akutumie kama faili la hati, si kama picha, au bora zaidi, aihamishe kwa waya kutoka simu hadi kompyuta. Njia ya waya ina fadhila mbili: picha inafika nzima, na haijapita katika kundi lolote la mtandaoni.

Sasa ile njia ya nne tuliyoiahirisha. Baadhi ya programu huruhusu kuivuta picha mpaka ilingane na karatasi. Picha ya 4 kwa 3 ikivutwa iwe 3 kwa 2, kila sura hupanuka kwa sehemu moja kati ya nane. Hakuna aliyekatwa, lakini hakuna aliyebaki kama alivyoumbwa: mwembamba anaonekana mnene, na uso mrefu wa babu unakuwa wa mviringo. Mjukuu atakayeitazama picha hiyo baada ya miaka thelathini, babu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, atamkumbuka kwa sura isiyo yake. Afadhali ukanda mweupe mara mia.

Ndugu wasomaji, dini yetu imelipa suala la vipimo uzito mkubwa. Suratul Mutwaffifiin imeanza kwa kuwaonya wanaopunja watu katika kipimo, na wafanyabiashara wa nafaka wanaijua sura hiyo kuliko wengi wetu. Hatusemi kuwa kukata picha vibaya ni dhambi ya mizani. Tunasema kuwa tabia ya kupima kwa uangalifu hailali sokoni ikasubiri asubuhi. Inarudi nyumbani na mwenyewe, inaingia jikoni, inaingia katika mirathi, na inaingia hata katika albamu. Aliyezoea kuuliza "nani atapunjwa hapa?" akiwa mbele ya mizani, atauliza hivyohivyo akiwa mbele ya printa.

Na tusidharau huzuni ya aliyekatwa. Mama mzee asiyejua kusoma anajua kujitafuta katika picha. Akiletewa albamu ya harusi ya mjukuu wake, asijione ila bega, hatauliza habari za uwiano wa pande. Atanyamaza, na ndani ya moyo wake atadhani kwamba hakuhesabiwa. Kuunga udugu kuna njia kubwa, kama ziara, mali na dua, na kuna njia ndogo, kama kuhakikisha kila aliyekuja kwenye furaha yenu anaonekana amekuja.

Kwa muhtasari, yule anayetaka kuanza leo na afuate mpango huu. Apige kwa 4 kwa 3 na kuacha nafasi kila upande. Agawe upande mrefu kwa mfupi, wa picha na wa karatasi. Akate mwenyewe kwenye nakala, au aingize yote na kuacha weupe, wala asivute. Aweke jina sahihi la karatasi katika printa. Ajaribu kwenye karatasi ya kawaida. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, ahesabu watu waliomo katika simu, kisha awahesabu waliomo katika karatasi ya majaribio. Idadi ikilingana, achape.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki ndoa za vijana wetu, awape umri mrefu wazee wetu, awahifadhi mabinti zetu kwa stara yake, na atujaalie kuwa wenye kutimiza vipimo katika makubwa na madogo. Amin.